Kiungo cha Baba Mkwe

Kambi ya kisima, Mwabuluda,
kwa njia ya Igunga
6 Agosti 1952

Mke wangu Tatu,

Nakusalimu sana. Kabla hujakaa chini kuisoma hii, mfikishie Baba mkwe shikamoo yangu. Shangazi Mwanajuma naye msalimie, umwambie ile asali yake ilimwagika nusu ndani ya nguo zangu na sasa nzi wote wa Igunga wananijua kwa jina.

Tumeshapiga mahema. Hapa ni mbuga tupu, udongo mweusi uliopasuka hata mtu anaweza kupoteza kiatu, na vilima vya mawe kwa mbali. Ng'ombe ni wengi kuliko watu. Maji ndiyo hakuna. Wanawake wanakwenda mtoni alfajiri, na mto wenyewe ni mchanga mtupu. Wanafukua, wanangoja maji yajikusanye, wanachota kwa kibuyu. Mama mmoja anayetuletea maziwa, jina lake Minza, aliniuliza siku ile ya kwanza: "Ninyi mmekuja kuchimba au mmekuja kujaribu?" Maana mwaka juzi walikuja wengine, wakajaribu, wakaenda zao. Nikamwambia sisi tumekuja kuchimba. Tangu hapo nalikumbuka jibu langu kila nikimwona na kibuyu chake.

Uliniuliza mashine yetu inafanyaje kazi. Fikiria mchi na kinu. Mchi wetu ni mtaimbo wa chuma mrefu kuliko nyumba yenu, unaning'inia kwenye kamba ya waya. Injini inauinua na kuuachia, unapiga mwamba, unainuliwa tena, kutwa nzima. Chini kabisa kuna patasi nene inayovunja jiwe. Kati ya mtaimbo na patasi ndipo kinapokaa kile kiungo alichotuchongea Baba. Kwa juu kimejifunga kwenye mtaimbo, na kwa chini kina shingo yenye meno kama ya bolti, nayo patasi inajifunga kwenye hiyo shingo. Kila pigo linapita hapo. Kiungo cha zamani kiliisha meno, na vile alivyoagiza Bwana Manoli kutoka Ulaya bado viko baharini, sijui bahari ipi. Bila kiungo cha Baba tungekuwa tumekaa hapa tunatazamana na ng'ombe.

Bwana Manoli, yule Mgiriki mwenye mashine, amesema wazi kwamba mvua ikiugusa udongo huu, si lori si mashine, hakuna kitakachotoka mpaka mwaka mwingine. Mawingu yakianza kukusanyika tutafungasha, tumepata maji hatujapata.

Kiungo nakitunza. Vijana wa hapa wakikifunga kwa spana huivuta kwa wimbo ule wa wapagazi wa zamani, na wakifika kwenye kiitikio wanavuta kama wanang'oa mti. Nimewakataza. Wafunge mpaka bega la kiungo liguse patasi, basi. Sitaki meno ya Baba yaumizwe na watu wenye wimbo.

Ni mimi mumeo,
Lukumani


Gongoni, Tabora
19 Agosti 1952

Mume wangu,

Salamu zako zote zimefika, pamoja na za nzi.

Barua nilimsomea Baba karakanani. Unajua herufi zake ni za msahafu, hizi zetu anasema zimelala kifudifudi. Nilipofika pale uliposema bila kiungo cha Baba, akaniambia hakusikia vizuri kwa sababu ya mkanda wa kerezo, ile mashine yake ya kuchongea. Mkanda ulikuwa umesimama. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena kwa sababu Mzee Abasi alikuwa anapita nje. Sasa Gongoni yote inajua kwamba kuna kisima kinachimbwa Igunga na Baba yangu, Mfaume bin Sefu, ndiye anayekichimba.

Anasema kile cha zamani cha Ulaya alikiona, kina meno ya bibi kizee, yameviringika. Yeye mfereji wa katikati ya meno ameukata mpaka chini ukawa mkali kama kisu, halafu akakichovya kiungo majini kingali chekundu, vilevile babu yake alivyokuwa akichovya majembe ya kuwauzia watu wa misafara. Anauliza meno yanasemaje. Mjibu vizuri, amekuwa kama mtu aliyeozesha mtoto wa pili.

Jembe lako bado liko ukutani juu ya kerezo. Kila mgeni anaelezwa habari yake: kwamba mkwe alileta mahari kama wanavyoleta watu wa mjini, naye akamwambia bado jembe, maana nyumba ya wahunzi haitoi binti bila jembe. Shangazi anaongeza ya kwake. Anasema zamani kwao mwanamume akimchoka mke hakuwa na haja ya maneno. Alikwenda na chuma kilichovunjika, akakiweka mlangoni kwa baba wa mke, akageuka. Binti akianza kufunga vyombo, watu wote walikuwa wameshaelewa. Basi nakuonya, mwanamume wewe, usije ukavunja kijiko ukakirudisha hapa.

Nimekuzoea mno, ndiyo maana nakutania. Nyumba imekuwa kubwa bila wewe.

Mkeo,
Tatu


Mwabuluda
8 Septemba 1952

Mke wangu Tatu,

Mimi mzima. Jua ni kali, upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya ugali. Minza amepata ndama, jike, mweupe kichwani. Anauliza kama Tabora watu wanakunywa maziwa au chai tu.

Mwambie Baba shikamoo nyingi na ahsante nyingi. Kazi inakwenda. Kama atapata nafasi, namwomba atuchongee kiungo kingine kama kile kile. Ni cha akiba tu. Bwana Manoli ni mtu anayependa akiba.

Nawe ujitunze.

Mumeo,
Lukumani


Gongoni, Tabora
17 Septemba 1952

Mume wangu,

Kiungo cha akiba anakuja nacho Silasi kwenye lori lake la pamba. Baba hakulala mchana tangu barua yako ilipofika. Amesema kama cha kwanza kimewafaa hivyo, cha pili kitawafaa zaidi, maana mifereji ameikata mikali kuliko ya kwanza na amekichovya mara mbili. Ukikigonga kinalia kama kengele ya misheni. Mzee Abasi amekuja kukigonga, na wenzake wote wa swala ya alasiri wamekuja kukigonga.

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza kuona kama umeandika nyuma. Unaumwa? Mimi habari ya ndama wa Minza imenifurahisha, lakini sikuolewa na ndama. Na Baba aliuliza meno yanasemaje, hukujibu. Nilimwambia umesema yanakwenda vizuri. Sasa ukijibu, ujibu hivyohivyo.

Mkeo,
Tatu


Mwabuluda
2 Oktoba 1952

Mke wangu,

Kiungo kimefika salama. Ni kizuri sana, hakuna hapa aliyewahi kuona kazi safi kama hiyo. Mfikishie Baba shukrani zangu na heshima.

Siumwi. Kazi inatuchosha tu. Wingu moja lilionekana jana upande wa Nzega, likapotea.

Mumeo,
Lukumani


Gongoni, Tabora
11 Oktoba 1952

Lukumani,

Leo sitanii.

Silasi alishusha pamba yake akaja barazani kwa Shangazi kunywa kahawa. Unamjua, hana neno analolifungia. Akasema akicheka kwamba watu wa kisima siku hizi wamekuwa wavuvi. Kwamba kiungo kilikatika shingoni mwezi wa nane mwishoni, patasi ikabaki chini ya shimo, mkaitafuta kwa ndoano karibu mwezi mzima. Kwamba mlipoitoa mkatia kiungo cha pili, nacho hakikukaa hata nusu ya cha kwanza, kikakatika palepale, na sasa mnavua tena. Nilimwagia mkeka kahawa yote. Shangazi alidhani nimeungua.

Baba alikuwa msikitini, na Silasi nimemwambia akirudia maneno hayo mbele yake sitamwekea kahawa tena maisha yake yote. Lakini wewe ulikuwa na haki gani ya kuninyima mimi? "Hakuna aliyewahi kuona kazi safi kama hiyo." Niliyasoma maneno hayo karakanani, mbele ya watu, naye amesimama na mafuta mikononi anatabasamu. Umenifanya nimsomee baba yangu uongo kwa sauti yangu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma, na nakuambia likuume na wewe.

Na sikiliza jambo lililo baya zaidi. Ameanza cha tatu bila kuombwa. Anataka kukichovya mara tatu. Ana haki, si ulimwambia viwili vya kwanza ni vizuri?

Niandikie kweli.

Tatu


Mwabuluda
18 Oktoba 1952

Tatu mke wangu,

Silasi amesema kweli yote. Patasi tumeitoa jana kwa mara ya pili. Shimo limesimama, mashine imesimama. Vya Ulaya havijafika. Bwana Manoli hagombi, anakaa kwenye kiti chake anatazama mbingu, na hilo linanitisha kuliko angegomba. Minza haulizi tena. Anaweka maziwa, anachukua chombo cha jana, anaondoka. Nilimwambia tumekuja kuchimba, Tatu. Na mashimo ya mtoni sasa wanayachimba mpaka mtu anazama kifuani.

Kuna jambo nililiona tangu mwanzo nikanyamaza. Kiungo cha zamani cha Ulaya, ile mifereji ya katikati ya meno ilikuwa ya mviringo chini, kama iliyochotwa kwa kidole. Ya kiungo cha Baba ilikuwa na ncha. Bwana Manoli alikipitishia ukucha akasema, "Makali mno haya, Lukumani." Mimi nikajibu kwamba huyu ni fundi mkubwa wa Tabora. Ningejibu nini kingine? Ndiye aliyenipa wewe.

Nimejaribu kumwandikia. Kila nikianza naona lile jembe ukutani. Nimwambie mtu kama yeye kwamba chuma chake kimevunjika mikononi mwangu, tena kwa karatasi, tena akisomewa na binti yake? Naona aibu na ninaogopa, nakiri mbele yako. Vipande vyote viko ndani ya gunia, uvunguni mwa kitanda changu. Bwana Manoli alisema vitupwe, sikuweza. Na kumrudishia ndiyo siwezi kabisa, unajua wewe mwenyewe maana yake mlangoni kwenu.

Nakuomba, mzuie asimalize cha tatu. Tafuta sababu yoyote.

Mumeo,
Lukumani


Gongoni, Tabora
29 Oktoba 1952

Mume wangu,

Kabla sijapata sababu yoyote, gunia limefika.

Kaa chini usome. Juzi baada ya adhuhuri Silasi alisimamisha lori mlangoni kwa Baba, akatua gunia kizingitini, akasema "Kutoka kambini kwa Lukumani," akaenda kushusha mzigo sokoni. Hakuna barua, hakuna salamu. Shangazi akalifungua. Ungefikiri amekutana na nyoka. "Amerudisha! Jamani, amerudisha chuma!" Majirani wakaja mbio, wengine na unga mikononi. Mwingine akanishika bega akaniambia nijikaze. Mimi barua yako nilikuwa ninayo kifuani, nilijua huwezi, na bado niliogopa. Nilijikuta nalifikiria sanduku langu la nguo kule nyumbani kwako, nahesabia akilini kitu gani kitaingia kwanza.

Baba akatoka karakanani. Akachutama, akavitoa vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya kizingiti. Shangazi akanyamaza mwenyewe. Kisha Baba akaagiza Silasi aitwe.

"Nani alikupa hili gunia?"

"Mama mmoja mwenye maziwa, Mzee. Alilitoa uvunguni mwa kitanda cha Lukumani wakati wenyewe wako shimoni. Akaniambia, wapelekee waliovitengeneza wavione."

"Na mkwe wangu?"

"Hajui. Akijua sijui kama nitapita tena njia ile."

Baba akatikisa kichwa. Akasema, "Huyo mama hana ukwe hapa. Ana kiu tu." Akaingia ndani na vipande vyake.

Nilimfuata nikamwambia yote, na barua zako zote, za kweli na za uongo, nikamsomea upya. Sikuficha kitu. Alisikiliza huku amekishika kipande mlangoni penye mwanga, anakigeuzageuza. Alikaa hivyo mpaka alasiri. Halafu akapanda kigoda akalitoa jembe lako ukutani. Hapo hata mimi nililia, Lukumani. Shangazi alikuwa ameshaanza tena. Baba akatugeukia na misumari mdomoni, akatuuliza kama kuna msiba. Akapiga msumari wa pili, akalirudisha jembe mahali pake, na ubavuni mwake akakitundika kile kiungo cha kwanza kilichovunjika. Akasema vikae pamoja, vyote ni vya nyumba moja.

Kile cha tatu amekitupa kwenye chakavu. Ameanza upya, na leo ameniita nilete kalamu. Anataka kukuandikia yeye mwenyewe.

Bado nimekukasirikia kidogo. Itakwisha ukirudi.

Mkeo,
Tatu


Gongoni, Tabora
2 Novemba 1952

Kwako Lukumani,

Anayeandika ni Tatu, anayesema ni mimi, na nimemkataza kupunguza neno.

Vipande nimeviona. Sasa Silasi anakurudishia vipande vya kile cha pili, vitazame kama nitakavyokuambia. Uso wa chuma palipokatika una sehemu mbili. Upande mmoja, pale kwenye mfereji wa jino la mwisho karibu na bega, pamekuwa peusi na laini, pana mistari iliyopindana kama ya kisiki. Pengine pote panametameta kama chumvi ya mawe. Pale peusi hapakukatika siku mliyosikia mshindo. Palianza ufa mwembamba kuliko unywele, na kila patasi ilipopiga ukasogea kidogo, ninyi mko juu mnaendelea na kazi yenu. Pale panapometa ndipo palipokuwa pamebaki pazima, pakawa padogo, pakashindwa. Chuma kilichoka.

Neno hilo si langu. Nilipokuwa reli tulikuwa na fundi mmoja Kalasinga aliyekagua ekseli za mabehewa, na ndiye aliyetuonyesha chuma kilichochoka. Nilimsikia vizuri. Nilipostaafu nikaliacha neno lake kulekule reli, nikarudi kwenye majembe ya babu yangu. Jembe linataka ukali na ugumu kwa kuwa kazi yake ni kukata. Shingo haikati kitu, inashikilia. Mimi nimeipa mfereji wenye ncha, ufa ukapata pa kuanzia, kisha nikaichovya majini ikawa ngumu isiyovumilia kupindwapindwa. Cha pili nikakichovya zaidi, maana nilisomewa kwamba cha kwanza ni kizuri. Hilo la kusomewa tutalizungumza ukija.

Sasa lako. Tatu amenikumbusha ulivyoandika mwezi wa nane, kwamba uliwakataza vijana kukaza. Kiungo kisichokazwa kinacheza. Kila pigo shingo inapinda na kurudi, inapinda na kurudi. Kikikazwa sawasawa, bega linabana na ndilo linalobeba, shingo inapumzika. Kingekuwa cha mtu mwingine ungekikaza. Ulikionea huruma kwa sababu ni changu, na huruma yako ikakimaliza upesi. Siku nyingine uninyime hiyo huruma.

Silasi anakuja na viungo viwili. Ncha ya kisu cha kerezo nimeinoa ikawa duara, kwa hiyo mifereji ni ya mviringo, na nimeisugua kwa msasa mpaka isishike ukucha. Sikuvichovya. Nimeviacha vipoe polepole ndani ya majivu. Ukivigonga havilii kama kengele, na Mzee Abasi amesikitika sana. Vimekuwa na meno ya bibi kizee. Sawa.

Vijana wako waimbe wimbo wote, na kwenye kiitikio wavute. Mkishakaza, chora kwa tindo mstari mmoja unaopita juu ya bega na juu ya patasi. Mistari ikiachana ujue kimelegea, kaza tena. Na kila mkiupandisha mtaimbo, kifungue, kioshe shingo kwa mafuta ya taa, kifute kikauke, kisha upake chokaa nyepesi ungoje. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yaandike mstari juu ya chokaa. Ukiuona mstari, simamisha mashine hata kama umesikia maji yanaita. Ndiyo maana nakupa viwili. Uliniomba cha akiba nikakupa. Safari hii ni cha akiba kweli.

Mwisho, habari ya jembe. Dada yangu Mwanajuma ana maneno ya wazee, na mimi siyadharau. Lakini chuma changu kikivunjika, nirudishie. Nikikosa kukiona nitachonga kingine kibovu, na watu watakosa maji kwa adabu yako. Binti ni jambo jingine. Binti hasafirishwi kwa gunia.

Mkweo,
Mfaume bin Sefu


Mwabuluda
15 Novemba 1952

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Tatu atakusomea, na safari hii hana neno la kuona haya.

Viungo vilifika. Tulikaza kwa wimbo mzima, mara mbili, mpaka spana ikalia. Nilichora mstari kwa tindo kama ulivyosema. Siku ya kwanza mistari iliachana kidogo, tukakaza tena, haikuachana tena. Kila tulipoupandisha mtaimbo nilifungua, nikaosha, nikapaka chokaa. Vijana walinicheka, wakasema ninampaka bibi harusi. Chokaa ilibaki nyeupe. Tukashuka chini kuliko tulipowahi kufika, na jiwe likaanza kutoka limeoza, lenye unyevu, rangi ya kutu.

Jumatatu mawingu yalisimama upande wa Nzega na hayakuondoka. Bwana Manoli alikuwa ameshaagiza mahema yafungwe. Tulipopandisha nikapaka chokaa kwa haraka, kwa mazoea tu, nikageuka kuchukua spana. Nilipotazama tena palikuwa na mstari. Mwembamba, nusu ya duara, palepale kwenye jino la mwisho.

Bwana Manoli aliuona pia. Akatazama mawingu, akaniambia, "Zimebaki futi chache, Lukumani. Kitashika." Pengine kingeshika, Baba. Minza alikuwa amesimama na kibuyu chake, na wanawake wengine nyuma yake. Nilizima injini. Minza akaniuliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa kuniuliza kitu: "Umeacha?" Nikamwambia, "Sijaacha, mama. Nimebadilisha." Bwana Manoli alinitazama sana, kisha akavua kofia akaja kushika spana pamoja nasi. Tulifunga kile cha akiba, tukaimba, tukakaza, tukawasha.

Kesho yake kabla ya saa sita ndoo ilipanda na maji badala ya tope. Yalipanda yenyewe ndani ya shimo, tukateremsha kamba tukayakuta juu sana. Minza alipewa kwanza. Akaonja, akatema, akasema yana ladha ya chuma. Halafu akanywa kibuyu chote, akachota tena akampelekea ndama. Mimi nilikwenda nyuma ya lori nikalia kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu nilikuwa nimefurahi.

Bomba limeshafungwa. Mashine iko juu kwenye barabara ngumu, na mvua imenyesha leo asubuhi. Minza aliuliza ni nani aliyechonga, nikamtajia jina lako na la mtaa. Anasema ndama atamwita Gongoni.

Barua hii inatangulia na lori jingine la pamba. Mimi nafuata na Silasi, naye ameshasamehewa. Kile kiungo chenye mstari ninacho. Hakijavunjika, kimeanza kuchoka tu, na nimeona ni vizuri ukione kingali kizima. Sikukitia kwenye gunia. Nitakuja nacho mwenyewe Ijumaa baada ya swala, nitasimama mlangoni nimekishika kwa mikono miwili.

Mwambieni Shangazi Mwanajuma asilie.

Mwanao,
Lukumani